Mkutano Uliokataa Kufungwa

Tangu nilipostaafu, vijana wa ofisi hawaniachi. Wakinikuta sokoni wananishika mkono: "Mzee Yusufu, tuandikie habari za kazi ya zamani, tujifunze." Haya. Lakini anayetaka kusoma habari za vyeo na mishahara aende stoo akatafute faili langu, kama atawahi kabla mchwa hawajafika ukurasa wa mwisho. Mimi nilikuwa karani wa vikao. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya meza na kuandika waliyoamua wakubwa, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa nyepesi mno, kwa sababu wakubwa hawakuamua kitu. Nimehudhuria mikutano mingi kuliko misiba, na tofauti niliyoiona ni moja tu: msibani watu hukubaliana kwamba kuna jambo limetokea.

Nilianza kazi Arua mwaka 1971, wanajeshi wakiwa wameshika serikali juzijuzi tu na kila mtu ofisini akizungumza kwa sauti ya kuomba chumvi. Nilitoka nyumbani, mtaa wa Oli, nimevaa suruali ya kaka yangu, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Nilidhani nitapewa meza. Mzee Obitre, karani mkuu, Mlugbara mrefu na mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alinipa penseli, kifutio na kigoda.

"Kalamu ya wino iko ya mutu mwenye anajua mwisho," aliniambia. "Weye bado. Andika na penseli."

Niliandika kwa penseli. Jioni alisoma, akafuta nusu, akanirudishia. Ndivyo alivyonifundisha, kwa kufuta. Usiwakalishe mahasimu uso kwa uso. Waweke upande mmoja wa meza na kati yao mtu mnene. Chai isije kabla ya hoja ngumu, maana mtu aliyeshiba ana nafasi ya kugomba. Usiandike walivyotukanana, andika walichoamua. Ukiandika matusi, kikao kijacho watayasoma na kuanza upya palepale. Haya ni kweli hata leo, na najua huko chuoni kwenu hamfundishwi, kwa sababu nimeona mnavyopanga viti.

Lakini neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: "Kufungua mukutano, hata mutoto anaweza. Kusema, kila mutu iko na mudomo. Kufunga ndiyo kazi." Nilikuwa nikiitikia "ndiyo, Mzee" na kuendelea kuchonga penseli. Nilidhani ni maneno ya uzee.

Mwaka uliofuata Wahindi waliamriwa kuondoka nchini. Kule Koboko, njia panda ya Kongo na Sudan, kulikuwa na duka refu la nguo la Mhindi mmoja ambaye watu walimwita Mzee Yadi, kwa sababu kaunta yake ilikuwa na rula ya shaba iliyopigiliwa kwenye mbao, na akipima kitambaa aliongeza upana wa kidole bila kuombwa. Aliondoka na sanduku moja. Nguo zake zikaisha kabla vumbi la gari halijatua. Kapteni aliyewekwa na serikali kusimamia mji akatia kufuli mlangoni, na baraza pana ya mbele ya duka ikawa ya mbuzi, mvua ikinyesha.

Mwaka 1973 nilipelekwa Koboko kuwa karani wa kamati ya mji. Walinichagua kwa sababu nilikuwa naelewa Kilugbara, Kikakwa cha kununulia mihogo, na Kinubi cha mama yangu. Na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kwenda. Mzee Obitre alinipa kengele ndogo ya mezani, ile ya kugonga kwa kidole, akaniambia niitunze kwa kuwa itanifaa kuliko sheria. Nikaifunga ndani ya shati, nikapanda lori la chumvi.

Kamati ilikuwa na watu wanne tu, na bado walikuwa wengi. Mwenyekiti alikuwa Chifu Luate, mkubwa wa kaunti, mtu mfupi mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kuinama mbele yake ili umsikie. Wa pili ni yule Kapteni, Kapteni Rajabu, mtoto wa askari na mjukuu wa askari, mzaliwa wa hapohapo. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Wabaya wenyewe niliwaona miaka ile, na hawakuwa na nafasi ya kukaa mikutanoni. Wa tatu na wa nne walikuwa Shehe Khamisi wa msikitini na Katekista Yona wa kanisani, wazee wawili waliopenda kubishana kuhusu kila kitu isipokuwa wakati wa kula.

Lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo mtatuona wajinga, na mkiijua mtatuona wajinga zaidi. Sehemu ile, watu wakifungua neno kwa dua, neno hilo liko wazi kama shimo njiani mpaka lifungwe kwa dua, wakiwepo wote waliolifungua. Kabla halijafungwa, hakuna anayethubutu kufungua lingine kwenye kikao cha watu haohao, na anayethubutu, shimo linaingia nyumbani kwake. Waislamu waliamini hivyo, Wakristo waliamini hivyo, na waliosema hawaamini hawakuwahi kujaribu. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa kamati ilikubaliana: kikao hiki Shehe anafungua na Katekista anafunga, kijacho Katekista anafungua na Shehe anafunga. Nikaandika, nikafurahi. Nilisema moyoni, hawa watu watafanya kazi.

Kikao kilichonizeesha kiliitishwa mwaka uleule kwa ajili ya Sista Kiden. Huyu alikuwa mkunga wa mji, Mkakwa wa Midia, mwanamke wa mifupa mipana na maneno machache. Alikuwa akizalisha akina mama katika chumba kimoja cha nyasi nyuma ya zahanati, chenye kitanda kimoja. Wakija wawili, mmoja alilala chini na wa tatu alikaa nje akishika mti. Alikuja mbele ya kamati, hakuketi.

"Mimi naomba duka ya Mzee Yadi," alisema. "Mabati iko nzima, haivuji. Kaunta yake mama anaweza kulala. Hata rula ya kupima mutoto iko tayari."

Wote walicheka, kicheko kizuri. Chifu Luate alisema ni jambo jema. Kapteni Rajabu alisema ni jambo jema. Shehe na Katekista, kwa mara ya kwanza, walisema jambo lilelile. Nilikuwa nimeshaweka penseli kwenye karatasi. Kama wangenipa muda wa kuandika mstari mmoja, mmoja tu, hadithi hii isingekuwepo.

"Karani, andika," alisema Kapteni. "Serikali imempa Sista nyumba."

"Andika kamati imempa," alisema Chifu, kwa ile sauti yake ya chini.

"Chifu, nyumba ya Wahindi iko ya serikali. Na hapa Koboko, serikali iko mimi."

"Afande, hii hapa iko mukutano, na mwenye kiti iko mimi. Mutu mumoja hapana toa nyumba mukutanoni kama sigara."

"Mulango iko na kufuli ya nani?"

"Na kiwanja iko ya nani? Kufuli yako inalala juu ya udongo ya kaunti."

Naomba mwelewe vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuamini. Wote wawili walitaka kumpa. Hapakuwa na mpinzani. Hawakugombania duka, waligombania mdomo utakaosema limetolewa. Nilipendekeza niandike "serikali na kamati". Kapteni akauliza kwa nini serikali isiandikwe peke yake. Nikapendekeza "kamati na serikali". Akauliza kwa nini serikali iwe ya pili. Sista alikuwa bado amesimama, akigeuza uso kwa huyu na kwa yule kama mtu anayesubiri chenji.

Mwishowe Kapteni alivaa kofia yake, akatoka. Tulisikia gari lake la jeshi, ile jipu, ikiwaka. Chifu akasema, "Sawa. Yona, funga." Ilikuwa zamu ya Katekista. Yona alisimama, akafumba macho, akakaa hivyo, kisha akafumbua.

"Chifu, mimi hapana weza. Mutu mwenye tulifungua na yeye hayuko."

"Wallahi, Yona anasema kweli," alisema Shehe Khamisi.

Chai ilipoa. Waliinuka mmoja mmoja, bila kuagana, kama watu wanaotoka kwenye nyumba ambayo mwenyewe amelala. Kesho yake asubuhi Chifu alipeleka kufuli la pili, akalitia mlangoni juu ya lile la Kapteni, ili mtu asije akampa Sista nyumba bila ruhusa.

Nilipanda baiskeli kwenda kwa Kapteni. Akasema, "Mwenye kiti aniite." Nilipanda baiskeli kwenda kwa Chifu. Akasema, "Aliyetoka arudi mwenyewe. Mimi hapana ita mutu mwenye hakufukuzwa." Nikarudi kwa Kapteni: "Afande, Chifu anasema mlango uko wazi." "Basi aniite." Nikarudi kwa Chifu: "Chifu, Kapteni yuko tayari." "Basi arudi." Njia ile ina kilima katikati. Nimekipanda mara nyingi mpaka nikakijua jiwe kwa jiwe, na hadi leo nikisikia mtu anasema "mashauriano yanaendelea," goti langu la kushoto linauma.

Nilikwenda Arua kwa Mzee Obitre. Alifungua kitabu cha taratibu, akanionyesha kifungu: mwenyekiti anaweza kuahirisha kikao na kuitisha kingine. Kwisha. Nilikinakili, nikakipeleka kwa Chifu nikiwa na furaha ya bwana harusi. Aliiangalia karatasi kwa heshima, akanirudishia.

"Kitabu iko ya Arua," alisema. "Dua iko ya Mungu. Sasa Mungu anasoma kitabu ya Arua?"

Nikaandika kwa wakubwa wa mkoa. Wakajibu kwamba mambo ya mila washughulikie wenyeji. Wenyeji wakasema mambo ya kamati yashughulikiwe na mkoa. Nilitamani kuvunja kitu. Nilikuwa nimekodi chumba, na vyombo vilikuwa vya mwenye nyumba, kwa hiyo nilikwenda kupasua kuni.

Kisha watu wa mji wakagundua faida ya mkutano usiofungwa. Choo cha soko kilijaa, aliyetakiwa kuchimba kingine akasema, "Nani ameamua? Mukutano haijafungwa." Daraja la miti la kwenda Dranya lilibomoka, vijana waliotakiwa kukata magogo wakasema mkutano haujafungwa. Mzee mmoja aliyekuwa na deni la harusi alimwambia mkwewe, mbele yangu, kwamba atalipa mkutano ukifungwa, na mkwe akakubali kwamba hilo ni neno la maana. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa upuuzi huu. Watoto walikuwa wakinipigia kelele barabarani: "Karani, imefungwa?"

Sista Kiden hakusubiri. Alifukuza mbuzi kwenye ile baraza, akafagia, akaning'iniza mikeka ya matete pande tatu, akaweka pipa la maji na jiko. Nilimwuliza kama ana ruhusa.

"Mulango wananinyima," alisema. "Baraza hapana iko na kufuli."

Akaanza kuzalisha hapohapo, mgongo wa mama ukiegemea mlango wenye makufuli mawili. Wakati uchungu unapanda, akina mama walikuwa wakiyashika makufuli yale kwa mikono, na yaling'aa kuliko kitu chochote kingine mjini. Tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Pale barazani msemo huo haukuwa fumbo.

Nitasema sasa jambo la Poni, kwa kifupi, kwa kuwa sipendi kulisema. Alikuwa msichana wa Dranya, mimba ya kwanza. Uchungu ulimjia msimu wa mvua kubwa, mchana, na upepo wa Kongo ukang'oa mikeka kama karatasi. Nilikuwepo, nilikimbia na wengine kushika mikeka ile kwa mikono yetu, nimegeuza uso ukutani. Maji yalipita barazani kama mto. Mtoto alizaliwa baridi, na Sista alimfunga kwenye kifua chake mwenyewe chini ya gauni, akazunguka naye akimpigapiga mgongo, akizunguka, akizunguka, mpaka mvua ikakatika. Mtoto hakulia hata mara moja. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na chumba kikavu chenye ukubwa wa kanisa.

Chifu alituma sukari ya rambirambi. Kapteni alituma sukari ya rambirambi. Na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniuliza kama ya mwenzake ilifika kwanza. Niliondoka mbele ya yule wa pili bila kuaga, jambo ambalo wakati ule lingeweza kunigharimu, na nilikuwa na hasira kiasi cha kutojali. Bado ninayo.

Baada ya hapo niliacha kupanda kilima, nikatafuta hila. Idi ilipofika, Shehe Khamisi aliwaalika wakubwa wote kula pilau nyumbani kwake, Waislamu na Wakristo, kama desturi. Niliweka kengele mfukoni. Nilipanga viti mwenyewe: Kapteni, kisha Katekista Yona, ambaye kwa bahati alikuwa amenenepa, kisha Chifu. Kamati nzima ilikuwa kwenye mkeka mmoja. Nilimwita na Sista, akaja na kuketi na wanawake mlangoni, macho kwetu. Kilichobaki ni mtu mmoja afungue mdomo. Wakala. Wakanawa. Kapteni akasifu nyama, akimwambia Shehe. Chifu akasifu mchele, akimwambia Shehe. Nikaona niisaidie serikali: nikatoa kengele, nikaigonga.

Chifu akanigeukia polepole.

"Karani," alisema, "kengele ya nini sikukuu ya watu?"

Watu wakacheka, na Kapteni akacheka na Chifu, pamoja, mara ya kwanza kwa miaka. Kwa kunicheka mimi walielewana vizuri sana.

Mwaka 1978 uchungu ulimshika mke mdogo wa Kapteni. Kulikuwa na hospitali Arua, na jipu ilikuwepo, lakini petroli haikuwepo; mwaka ule hata wakubwa walikuwa wakinusa mitungi. Basi akaletwa barazani kama wenzake. Kapteni alisimama ng'ambo ya barabara kwenye jua, kofia mkononi, kwa kuwa mwanamume hakaribii. Chifu Luate akawa anapita na baiskeli. Kwa desturi yetu hupiti tu mbele ya mtu ambaye nyumba yake iko kwenye uchungu. Akashuka, akasimama naye.

Walisimama hivyo asubuhi yote, mabega yakikaribia kugusana. Ufunguo wa Kapteni ulikuwa kwenye mkanda wake. Ufunguo wa Chifu ulikuwa shingoni kwa kamba. Mbele yao mwanamke alikuwa akilia nyuma ya mkeka, ameshika kufuli la mumewe. Sauti ya mtoto iliposikika, Chifu alinyosha mkono.

"Mabruk, Afande."

"Asante, Chifu."

Nikasogea. "Wakubwa wangu," nikasema, "kwa kuwa mko pamoja..."

"Aniite," alisema Kapteni, akitazama mbele.

"Arudi," alisema Chifu, akitazama mbele.

Sista Kiden alisikia. Alitoka na beseni la maji aliyomwoshea mama, akavuka barabara, akayamwaga yote miguuni mwao. Hakutukana. Alirudi kazini. Wakubwa walitazama viatu vyao, kisha kila mmoja akaenda upande wake akiacha nyayo za maji.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1979 jeshi lililoipindua serikali lilikuwa linapanda kuja kaskazini, na sisi wa huku, askari na asiye askari, Mnubi na Mkakwa na Mlugbara, tulijua tutahesabiwa wote kitu kimoja, watu wa mkubwa aliyepinduliwa, kwa kuwa alitoka kwetu. Arua ilihama kwanza. Kisha Koboko. Barabara ya kwenda mpakani ilijaa mabunda, mbuzi, vitanda, vikongwe juu ya baiskeli. Wakati huo nilikuwa nimeshaoa, na mke wangu alinikabidhi begi nifunge vitu vya lazima. Sijui kwa nini nilitia kengele nikaacha sufuria. Ananiuliza hadi leo.

Tulipofika katikati ya mji, mvua ilishuka kwa nguvu. Niliingiza familia yangu kwenye baraza ya kwanza iliyokuwa karibu, na hiyo ilikuwa ya Mzee Yadi. Sista Kiden alikuwepo. Nyuma ya mkeka kulikuwa na mama mmoja, mgeni aliyetoka Arua kwa miguu, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Shehe Khamisi akaingia akitiririka maji. Katekista Yona akaingia na biblia chini ya koti. Chifu Luate akaingia akiburuta baiskeli yenye godoro. Wa mwisho alikuwa mtu mwenye kanzu iliyopauka, hana viatu, na ilinichukua muda kumtambua. Kapteni Rajabu bila sare alikuwa mwembamba sana.

Walitazamana. Hata pale, na barabara ile mbele yao, nawaapia, niliona Chifu anabana mdomo na Kapteni anainua kidevu.

Sista alitoka nyuma ya mkeka, mikono juu, isiguse kitu.

"Nyinyi yote iko hapa," alisema. "Hakuna mutu ameita. Hakuna mutu amerudi. Mvua imewaleta. Sasa malizeni, mimi iko na kazi."

Nikaitafuta kengele ndani ya nguo za watoto, nikaigonga. Safari hii hakuna aliyecheka. Chifu alikohoa.

"Hoja iko ile ya zamani," alisema. "Afande, tuandike nini?"

Kapteni alitazama barabara, akatazama miguu yake. "Andika Sista iko na nyumba," alisema. "Ingine yote acha."

"Nakubali," alisema Chifu.

Katekista Yona alifumba macho, akafunga. Sikumbuki maneno, yalikuwa machache, na Shehe ndiye aliyesema "amina" kwa nguvu kuliko wote. Miaka sita ilikuwa imeisha kabla maji kwenye jiko la Sista hayajachemka.

Chifu alivua kamba shingoni, kufuli lake likafunguka. La Kapteni lilikuwa limeliwa na kutu ndani, ufunguo ukakwama. Chifu akatoa spana ya baiskeli, Kapteni akashika huku, Chifu akavuta kule, wakahema pamoja kama mafundi mpaka likakatika. Mlango ulifunguka. Palikuwa na harufu ya kitambaa kipya, sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote ile. Vumbi, na kaunta, na sakafu kavu kutoka ukuta hadi ukuta. Tulimbeba yule mama sote, wakubwa wakiwa upande wa miguu, tukamlaza, tukatoka nje. Mbao zilimtosha kama Sista alivyosema.

Mvua ilipopungua mtoto alilia. Sista alituita tuone. Alikuwa amemlaza kwenye rula ya shaba, anampima, na kwa sura yake ungesema ni siku ya kawaida ya kazi. Kapteni alifuta uso kwa kanzu. Chifu alisema ni mrefu. Kisha mtu akapiga kelele barabarani kwamba magari yanasikika, na wote wakaondoka. Chifu alimpakiza Shehe kwenye baiskeli juu ya godoro, na Kapteni akawa anaisukuma nyuma. Hivyo ndivyo nilivyowaona mara ya mwisho.

Mimi nilibaki nyuma kidogo. Niliomba kalamu ya wino kwa mke wangu, ile aliyokuwa akiandikia barua za mama yake, nikaandika mstari wangu, nikampa Sista karatasi. Tulimsihi aje nasi. Akasema mama hawezi kutembea leo. Alisimama kwenye mlango uliokuwa wazi, mtoto mkononi, mikeka imekunjwa kando, nafasi ya vitanda kumi nyuma yake. Barabara ilikuwa imeshaanza kuwa tupu. Mbele ya soko hapakuwa hata na mbuzi.

"Nyumba munanipa," alisema. "Sasa watu iko wapi?"